Pabu ya Kona: Kuta, Pipa na Kengele

Mtu aliyekulia katika mji wa viwanda wa Uingereza akianza kuikumbuka pabu ya mtaa wake, huanza na bia, halafu hukwama. Bia yenyewe haina mengi ya kusimuliwa. Kinachomtoka kwa urahisi ni mlango: uzito wake, kioo chake cha ukungu kilichochorwa maua na jina la kampuni ya bia, na kwamba ilikuwepo milango miwili na mtaa mzima ulijua nani huingilia upi. Atakuambia mzee gani alikaa pembe gani. Atakuambia kengele iligongwa saa ngapi.

Watu wengi huzungumzia uchangamfu wa pabu za zamani kana kwamba ulishuka kama umande. Haukushuka. Ulitengenezwa na seremala aliyeigawa nyumba vipande, na Bunge lililopanga saa za kunywa, na mtu mmoja aliyeteremka ngazi kila asubuhi kwenda kuamkia mapipa. Vitu hivyo vitatu vilishikana kama mafiga, na vilivunjwa kimoja kimoja, kila kimoja kwa sababu iliyoonekana nzuri wakati wake. Mifano mingi hapa inatoka Black Country, yaani Nchi Nyeusi, ukanda wa magharibi mwa Birmingham uliopata jina hilo kwa makaa na masizi: Dudley, Netherton, Sedgley, Brierley Hill, Smethwick. Ni miji ya tanuri na nyundo, na mtu aliyeshinda mbele ya chuma chekundu kwa muda wa saa nane alitoka na kiu isiyo ya mzaha. Bia yake ilikuwa maildi: nyeusi, tamu kidogo, na kilevi cha asilimia 3 na ushei tu, ya kurudisha maji yaliyotoka kwa jasho.

Nyumba ya milango miwili

Chukua pabu ya kawaida ya kona, iliyojengwa kati ya miaka ya 1870 na 1910. Mlango wa kona unakupeleka kwenye baa ya watu wote: sakafu ya vigae au mbao tupu, benchi lililogongomelewa ukutani likizunguka chumba, na meza za miguu ya chuma cha kusubu, nzito kiasi kwamba mlevi mwenye hasira hawezi kuinyanyua. Mlango wa pembeni unaingia chumba cha heshima. Huko kuna zulia na viti vya kitambaa, na bia ni ile ile ya pipa lile lile, ila imepandishwa peni moja au mbili. Waingereza walikiita saluni, ingawa hakuna aliyenyolewa humo. Zile peni mbili zilinunua zulia, na zilinunua pia hakika kwamba mfua chuma mwenye masizi hataegemea gauni la mkeo. Jumamosi jioni mtu yule yule aliyekunywa baa ya watu wote siku tano alibadilisha shati, akaongozana na mkewe, akaingilia mlango wa pili.

Katikati palikuwa na vijichumba. Kidogo kuliko vyote kiliitwa snagi, nacho kilikuwa na tundu lake la kuagizia kwenye kaunta, ili aliye ndani apokee glasi bila kuonekana na walio nje. Humo walikaa kina mama watu wazima na vikapu vyao vya sokoni, na wengine waliokuwa na sababu ya kutoonekana. Crown Liquor Saloon ya Belfast bado ina vijichumba 10 vya namna hiyo, vyenye milango na vitufe vya kengele ya kumwita mhudumu. Halafu ukumbini kulikuwa na dirisha la kuuza nje. Watoto walitumwa hapo na jagi kumchukulia baba bia ya chajio, mpaka sheria ya 1901 ilipokataza kumuuzia mtoto wa chini ya miaka 14 isipokuwa kwenye chombo kilichozibwa na kutiwa lakiri. Hakuna haja ya kueleza kilichokuwa kikitokea njiani.

Sasa fanya hesabu ya seremala. Chumba cha watu 12 kikipata watu 8 kimechangamka: magoti yanakaribiana, na neno la mmoja ni la wote. Watu hao hao 8 ukiwatawanya kwenye ukumbi wa watu 80, kila mmoja atazungumza na glasi yake. Kuanzia miaka ya 1960 hadi ya 1980 kampuni za bia zilibomoa kuta hizo kwa mamia, na hoja zao hazikuwa za kipuuzi. Ukumbi mmoja unahudumiwa na mtu mmoja pale palipohitaji wawili. Polisi na mahakimu wa leseni walipenda nyumba ambayo mwenyewe anaona kila pembe akiwa kaunta. Meza za chakula zinahitaji nafasi. Ila baada ya ubomozi watu walianza kusema pabu "imepoa" siku ya Jumanne, na hakuna aliyejua kuwa idadi ya wateja ilikuwa ile ile.

Ukitaka kuona mpango wa zamani, nenda Beacon Hotel, Sedgley. Kaunta iko katikati ya nyumba, finyu kama kibanda cha mlinzi, na kila chumba kina tundu lake. Unainama, unaagiza, mkono unatokea na glasi. Wanapika bia yao wenyewe nyuma ya nyumba, maildi ya rangi ya zambarau iliyoiva yenye kilevi cha asilimia 6. Usiinywe kama yule mfua chuma alivyokunywa ya asilimia 3. Maili chache kutoka hapo, Old Swan ya Netherton ina dari ya mabati yaliyopakwa rangi na picha ya bata maji katikati, na jiko la chuma lililosimama chumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa moja ya pabu nne tu katika Uingereza nzima zilizobaki zikipika bia zao nyumbani.

Kuta hizo hizo, lakini, zilikuwa na kazi nyingine, na anayezililia bila kuitaja anasimulia nusu. Mlango wa pili ulikuwa chombo cha kupanga watu. Mwanamke aliyesimama peke yake kaunta angeweza kukataliwa bia, na sheria ya 1975 ya usawa wa jinsia ilipokuja, baa ya El Vino katika Fleet Street, London, iliendelea kuwakataza wanawake kusimama kaunta hadi Mahakama ya Rufaa ilipoamua dhidi yake mwaka 1982. Smethwick ilikuwa mbaya zaidi. Wapunjabi na Wakaribi waliofanya kazi katika karakana za kuyeyushia chuma walihudumiwa baa ya watu wote, wakakatazwa chumba chenye zulia. Pabu nyingine ziliwakataa kabisa. Avtar Singh Jouhl na wenzake wa Chama cha Wafanyakazi wa Kihindi walikuwa na mbinu rahisi. Wanaingia pamoja na wanafunzi Wazungu, kila mmoja anaagiza kwa zamu, wanahesabu nani amepewa na nani amenyimwa, kisha wanapeleka ushahidi huo kupinga leseni isihuishwe. Februari 1965 Malcolm X alikwenda Smethwick kujionea, akaingizwa kwenye pabu ya aina hiyo. Siku tisa baadaye aliuawa New York. Mwishoni mwa mwaka huo ubaguzi wa rangi katika sehemu za umma ukapigwa marufuku kisheria.

Chini ya ardhi

Bia ya pipa ya Kiingereza ni kitu hai. Inapotoka kiwandani bado ina hamira ndani na inaendelea kuchachuka. Anayeimalizia si kiwanda bali mwenye pabu, chini ya sakafu ya baa yake. Ndiyo maana pabu mbili zinazonunua bia kwa mpishi mmoja zinaweza kuuza vinywaji viwili tofauti.

Pipa la kawaida lina galoni 9, yaani painti 72, karibu lita 41. Likijaa lina uzito wa kilo 50 hivi. Huteremshwa kwa kamba au kwenye reli mbili za mbao kupitia mlango ulio kando ya njia ya waenda kwa miguu, na chini huwekwa mto mnene wa kulipokea. Stoo inatakiwa kuwa kati ya nyuzi 11 na 13 za selsiasi. Ikipanda hadi 16, hamira inapagawa na bia haitulii. Ikishuka sana, bia inapata ukungu na ladha inasinzia. Kwa hiyo ile habari kwamba Waingereza hunywa bia ya moto si kweli. Hunywa bia yenye ubaridi wa mtungi uliokaa kivulini.

Kazi inakwenda hivi. Pipa linalazwa kwenye chaga, kizibo kikubwa kikitazama juu, na linatiwa kabari tatu lisicheze: mbili mbele, moja nyuma. Linaachwa siku nzima au zaidi. Kisha kijiti laini, cha mwanzi au cha mti wenye vinyweleo, kinapigiliwa katikati ya kizibo cha juu. Gesi inatoka na povu linafuka, na hapo ndipo wasiojua hupoteza uvumilivu. Kijiti kinafutwa, kinabadilishwa kikiziba, na kinaachwa mpaka povu likome. Inaweza kuwa saa chache, inaweza kuwa usiku kucha. Povu likikoma kinapigiliwa kijiti kigumu ili gesi iliyobaki isipotee. Ukiwahi kuziba, bia itakuwa imevimba na kila glasi itakuwa nusu povu. Ukichelewa, itakuwa bapa kama chai iliyosahauliwa.

Bomba linaingizwa kwenye kizibo cha mbele kwa pigo moja la nyundo ya mti, na unahakikisha kwanza limefungwa, na kizibo kimesuguliwa kwa maji safi. Pigo moja, si matatu ya woga: ukigonga kwa kusitasita bia itakurukia usoni, na mashapo yaliyotulia usiku kucha yatatibuka.

Mashapo hayo hutulizwa na gundi ya samaki, inayotengenezwa kwa vibofu vya hewa vilivyokaushwa. Chembe zake huikumbatia hamira na kuizamisha chini ya tumbo la pipa. Watu wa Mwanza wanavijua vibofu hivyo kwa jina la mabondo, na mabondo ya sangara ni miongoni mwa yanayofanya kazi hiyo. Mla majani asiyegusa nyama ana haki ya kuuliza kabla ya kunywa, na siku hizi wapishi wengine huuza bia isiyotiwa gundi na kukuonya mapema kwamba itakuwa na ukungu.

Wakati wa kuuza, kijiti kigumu kinatolewa ili hewa iingie badala ya bia inayotoka. Mhudumu akisahau, mpini wa kaunta, ule wa kuvutia bia kutoka chini, unakuwa mzito na unamvuta mkono urudi. Hiyo ni dalili ya pipa lisilopumua, wala si ya bomba bovu. Usiku kijiti kinarudishwa. Pipa likibaki na theluthi moja linainuliwa nyuma taratibu, kidole kwa kidole. Anayengoja liishe ndipo ainue huvuta mashapo yote kwenye bomba, na mteja wa mwisho anapewa uji.

Hewa iliyoingia ndiyo mwisho wa pipa. Siku ya kwanza inaichangamsha ladha, ya tatu inaanza kuichachusha, na ya nne kuna harufu ya siki. Hapa ndipo hesabu nzima ya pabu ilipojificha. Painti 72 kwa siku tatu ni painti 24 kwa siku, kwa kila mpini. Mwenye pabu mwenye mipini minne anahitaji kuuza painti 96 kila siku, Jumatatu ya mvua ikiwemo. Akiuza 60, pipa moja litakuwa limechacha, wateja watakunja uso, kesho atauza 50. Pabu nyingi za Uingereza ziliuawa na hesabu hiyo kabla mtu wa benki hajafika. Dawa yake ni kupunguza mipini, na ni dawa chungu, kwa sababu mipini mingi inapendeza kaunta na mwenye pabu anaona aibu kung'oa mmoja.

Mipira ya kupandisha bia huoshwa mara moja kwa wiki. Bia inasukumwa itoke kwa maji, dawa kali ya magadi inavutwa mpaka ijae mpira mzima, inaachwa nusu saa huku ikisogezwa kidogo kila dakika 10, halafu maji mengi mpaka utelezi wote uishe. Kila safari ya kuosha inapoteza bia iliyomo ndani ya mipira, ndiyo maana wachoyo huruka wiki. Utajua: bia inaacha ladha ya siagi iliyochacha, na glasi inakuwa na wingu hata pipa likiwa safi. Uchoyo mwingine wa zamani ulikuwa kurudisha mabaki ya sinia, lile linalokinga bia inayomwagika kaunta, ndani ya pipa kwa faneli. Yalirudishwa kwenye maildi, kwa kuwa ni nyeusi na haisemi. Nadhani umaarufu wa maildi uliporomoka kwa sehemu kwa sababu hiyo. Watu waliacha kuiamini.

Mpini wenyewe huvuta karibu nusu painti kwa mkono mmoja mrefu, kwa hiyo painti ni mikono miwili na kijisehemu. Kaskazini hufunga kichujio chenye vitundu mdomoni mwa bomba, bia inatoka na povu zito kama malai. Kusini wanakiona kichujio hicho kuwa wizi, maana povu si bia, na painti kisheria ni mililita 568. Ugomvi huu hauna suluhu na msomaji asijaribu kuutatua akiwa Leeds, huko kaskazini.

Kampuni kubwa zilitaka kuukimbia usumbufu huu wote. Bia ya kegi imechujwa, imeuawa hamira, inasukumwa na gesi kutoka mtungi, na inakaa wiki kadhaa bila kuharibika. Mkenya, anayeijua kegi kwao, hahitaji maelezo. Kufikia mwaka 1970 ilikuwa ikienea haraka Uingereza, ndipo mwaka 1971 wanaume wanne wakaanzisha CAMRA, chama cha kutetea bia ya pipa. Walikianzishia katika baa moja ya Ireland, nchi ambayo haikuwa na bia ya pipa ya kutetea.

Saa

Kabla ya 1914 pabu za London zilifunguliwa kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 6 na nusu usiku. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza serikali iliogopa kwamba watengeneza mabomu watafika kazini wamelewa. Kuanzia 1915 saa zikakatwa kuwa za vipande viwili, mchana kidogo na jioni kidogo, kwa jumla saa tano na nusu. Bia ikapunguzwa makali. Na ikawa kosa kumnunulia mwenzako. Raundi, yaani kuzungusha kama wasemavyo Dar es Salaam, ilikuwa ni kuvunja sheria. Huko Carlisle, karibu na kiwanda cha baruti cha Gretna, serikali ilinunua karibu pabu zote na viwanda vya bia, ikaviendesha yenyewe kuanzia 1916, na ikasahau kuviuza hadi miaka ya 1970.

Vita viliisha lakini mchana uliofungwa ulibaki. Kwa muda mrefu ratiba ya miji mingi ilikuwa saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri, kisha saa 11 na nusu jioni hadi saa 4 na nusu usiku. Jumapili saa chache zaidi. Kila mtu alilalamika. Ila ona ratiba hiyo ilifanya nini: iliwalazimisha watu wote kuja wakati mmoja. Karakana ikipiga king'ora, mwenye pabu alikuwa ameshavuta painti 30 na kuzipanga kaunta, kwa sababu dakika 5 baadaye mlango ungejaa. Mtu aliyetaka kumwona fundi bomba, au katibu wa chama, au anayedaiwa, alijua saa ya kumpata.

Kufunga nako kulikuwa ibada. Dakika 10 kabla, kengele ya kwanza: agizo la mwisho. Saa yenyewe, kengele ya pili, na sauti ya mwenye nyumba ikitaja kuwa muda umekwisha. Taulo zinafunikwa juu ya mipini. Kuanzia hapo sheria ilitoa dakika 10 za kumalizia glasi, zikawa 20 mwaka 1988. Ubaya wake ulijulikana: watu waliagiza mbili kwa mpigo na kuzimeza, na saa 4 na dakika 40 usiku mji mzima ulikuwa barabarani ukigombania teksi na chipsi.

Agosti 1988 pabu za England na Wales ziliruhusiwa kubaki wazi mchana kutwa, na Novemba 2005 saa za kufunga zikaachiwa leseni ya kila nyumba. Hakuna aliyetaka kurudi nyuma, na mimi sitetei mchana wa kufungiwa. Lakini wateja wale wale wakatawanyika kwenye muda wa saa 12 kwa siku badala ya saa 9, na mwenye pabu akaanza kulipa umeme na mshahara wa mtu anayefuta kaunta kavu.

Vishale, dhumna na ngozi ya kitimoto

Ubao wa vishale umetoka kwetu. Wa zamani ulikuwa kipande cha mti wa elmu kilicholowekwa usiku kucha kisipasuke, na asubuhi kilinuka. Katika miaka ya 1930 ukaja ubao wa nyuzi za mkonge zilizobanwa zikiwa zimesimama, vichwa vyake vikitazama mbele. Kishale kinapita katikati ya nyuzi bila kuzikata, na kikitoka tundu linajifunga. Kwa muda mrefu mkonge huo umekuwa wa Afrika Mashariki, na mbao za vishale za kampuni ya Winmau zinatengenezwa Kenya. Kitovu cha ubao kiwe mita 1.73 kutoka sakafuni, na mstari wa kurushia mita 2.37 kutoka uso wa ubao. Pete ya namba inatoka: izungushe kila baada ya wiki chache, la sivyo eneo la 20 litachakaa peke yake. Na usiuloweshe. Mwenye pabu mgeni husikia habari ya ubao wa mti, akaumwagia maji wa mkonge, na asubuhi unakuta umevimba kama mkate.

Dhumna ya pabu si ile ya barazani Zanzibar. Wao hucheza ya tano na tatu: baada ya kila kete unajumlisha ncha mbili za mnyororo, na jumla ikigawanyika kwa 5 au kwa 3 unapata alama. Kumi ni alama mbili, tisa ni tatu. Kumi na tano ndiyo karamu, kwa sababu inagawanyika kwa zote: tano na tatu, alama nane. Wa kwanza kufika 61 kamili anashinda, ukiipita, unangoja.

Chakula kilikuwa cha kukuza kiu. Black Country ni nyumbani kwa ngozi ya nguruwe iliyokaangwa, mara ya kwanza kwa moto mdogo itoe mafuta, mara ya pili kwa moto mkali ivimbe na kukatika kama kioo. Walaji wa kitimoto wa Dar wangeielewa mara moja. Inavunja meno, na si kwa mfano wa maneno. Pembeni mtungi wa mayai katika siki: yamechemshwa dakika 10, yamemenywa, yamefunikwa na siki iliyochemshwa na pilipili manga kisha ikapoa, na yameachwa wiki mbili. Ukimwaga siki ya moto yai linaweza kukakamaa. Ukitoboa yai kwa uma ili liive upesi unaingiza vijidudu katikati, mahali siki haijafika, na hilo ni hatari kweli.

Juu ya adabu ya kaunta: hakuna foleni, lakini foleni ipo. Kila anayesimama anajua nani alimtangulia, na ukiulizwa zamu ya nani, unamwonyesha aliyefika kabla yako. Noti ionekane mkononi, isipepewe. Kwenye raundi ya watu wanne, mnywaji mdogo achukue nusu painti kila mara badala ya kuruka zamu. Anayeondoka kabla ya zamu yake atakumbukwa miaka. Bakshishi haiachwi mezani. Unamwambia mhudumu ajichukulie na yeye, naye anaongeza bei ya nusu painti.

Kilichobaki

Mengine yalikwenda haraka. Kipimo cha pumzi kwa madereva kiliingia Oktoba 1967, na pabu za nje ya mji zikaanza kuhesabu siku zake. Migodi na karakana zilifungwa, na king'ora kikanyamaza. Mwaka 1989 serikali iliamuru kampuni za bia zenye pabu zaidi ya 2,000 kuachia sehemu. Ilitaka kuleta ushindani, lakini pabu ziliangukia mikononi mwa kampuni za majengo ambazo hazikupika hata glasi moja, zikimtoza mpangaji kodi na kumlazimisha kununua bia kwao kwa bei ya juu. Sigara zilipigwa marufuku ndani: Scotland Machi 2006, England Julai 2007. Bia ya supamaketi iliendelea kuwa rahisi. Mwaka 2000 nchi ilikuwa na pabu zaidi ya 60,000. Sasa ni kama 45,000.

Mkasa uliowakasirisha wengi ni wa Crooked House ya Himley, nyumba ya karne ya 18 iliyozama upande mmoja kwa sababu ya migodi chini yake, ambapo gololi ukiiweka juu ya rafu ilionekana kupanda mlima. Agosti 2023 iliungua, na siku mbili baadaye ikabomolewa yote. London waliwahi kuona kisa cha jinsi hiyo: Carlton Tavern ya Kilburn ilibomolewa bila kibali mwaka 2015, mamlaka ikaamuru ijengwe tena tofali kwa tofali, na mwaka 2021 ilifunguliwa.

Na Smethwick? Wapunjabi waliofukuzwa kwenye zulia walikuja kununua leseni za pabu zilizokuwa zikifa. Wakaweka mkaa nyuma, kuku na kondoo kwenye sinia la chuma linalochirizika, na katika orodha ya vyakula ya baadhi ya nyumba hizo utakuta neno mogo. Ni muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, uliofika Uingereza katika mizigo ya Wahindi waliotoka Kenya mwaka 1968 na Uganda mwaka 1972. Jikoni kukiwa na moto, meza zinajaa hata Jumanne, na familia nzima huja, bibi na soda yake. Zile painti 24 kwa mpini zinapatikana.

Ukiingia pabu yoyote usiyoijua, usisome majina yaliyo kwenye mipini. Simama dakika mbili uangalie mkono wa mhudumu unakwenda wapi mara nyingi, uagize huo. Ukikuta mipini sita na wateja wanne, agiza ya chupa.